Uliza Ujibiwe: Aliyemwandikia Binti Yako Ni Nani Katika Benchi la Timu ya Chuo?

Barua za mwezi huu zimetoka pande nne, lakini zote zinagusa watu wale wale: makocha na wasaidizi wa timu za soka za wanawake katika vyuo vikuu vya Marekani. Nimezipunguza kidogo kwa ajili ya nafasi, na majina ya waandishi nimeyahifadhi.

SWALI: Mheshimiwa, habari za kazi. Binti yangu ana umri wa miaka 17 na anacheza kiungo. Mwezi uliopita alipokea ujumbe kutoka kwa mtu anayejitambulisha kuwa kocha msaidizi wa timu ya wanawake ya chuo kikuu kimoja cha Marekani. Anasema ameziangalia video zake, amempenda, na kwamba "nafasi ipo". Mimi ni fundi magari na nimefuatilia mpira wa hapa nyumbani tangu utotoni. Najua kwamba msaidizi hana kauli mbele ya kocha mkuu, na kwamba kocha mkuu mwenyewe leo yupo na kesho kibarua kimeota nyasi. Kwa nini kocha mkuu hakuandika yeye? Neno la msaidizi lina uzito gani? (Baba wa kiungo, Temeke)

JIBU: Ndugu yangu, kuandikiwa na msaidizi si dalili mbaya hata kidogo. Katika soka la wanawake la vyuo vya Marekani kazi imegawanywa hivyo, na huenda msaidizi huyo ndiye mtu aliyeajiriwa hasa ili amtafute mchezaji kama binti yako.

Kocha mkuu kule hafanani sana na kocha wa klabu. Anafanana zaidi na mkuu wa idara: anasimamia bajeti ya timu, anapanga ratiba ya mechi na wenzake wa vyuo vingine, anakutana na wahitimu wanaochangia fedha, na anawajibika kwa mkurugenzi wa michezo wa chuo, ambaye ndiye mwajiri wake. Uamuzi wa mwisho juu ya nani asajiliwe ni wake. Lakini kazi ya kukaa na video usiku, kusafiri kwenda kwenye mashindano ya vijana, kuandika barua pepe mia ili kumpata mchezaji mmoja, na kujua mama wa mchezaji anaitwa nani, hiyo ni kazi ya wasaidizi. Mara nyingi mmoja wao hubeba cheo cha msaidizi mwandamizi na kuongoza usajili, mwingine hushughulikia mbinu za ushambuliaji au ulinzi, na kocha wa makipa huwa na kona yake ya uwanja ambayo wengine hawaiingilii.

Idadi yao imewekewa kikomo na NCAA, chombo kinachosimamia sehemu kubwa ya michezo ya vyuo nchini humo. Kwa miaka mingi timu ya Daraja la Kwanza, la juu kabisa kati ya madaraja matatu ya NCAA, iliruhusiwa kuwa na kocha mkuu na wasaidizi wawili wa kulipwa, pamoja na mmoja wa kujitolea asiye na mshahara, ambaye mara nyingi alifundisha makipa asubuhi na jioni akaenda kufanya kazi nyingine ili ale. Julai 2023 cheo hicho cha kujitolea kilifutwa na nafasi hiyo ikaunganishwa na zile zinazoweza kulipwa, kwa hiyo usishangae ukikuta makocha wanne kwenye orodha ya timu. Nyuma yao kuna wengine wasiohesabiwa kuwa makocha wa mpira: kocha wa nguvu na utimamu wa mwili, msimamizi wa shughuli za timu anayeshughulikia mabasi, hoteli na chakula, mtaalamu wa tiba ya michezo, mtu wa video, na mshauri wa masomo. Mimi niliyefundisha michezo sekondari kwa miaka, nikiwa kocha, daktari, mchemsha chai na mlinzi wa viatu kwa wakati mmoja, orodha hiyo huisoma kwa wivu.

Wala usimdharau msaidizi kwa cheo chake. Margueritte Aozasa alikuwa msaidizi Stanford kwa miaka kadhaa chini ya Paul Ratcliffe. Mwishoni mwa 2021 akachukuliwa na UCLA kuwa kocha mkuu, na Desemba 2022, katika msimu wake wa kwanza, timu yake ikatwaa ubingwa wa taifa kwa kuifunga North Carolina mabao 3 kwa 2 baada ya kutanguliwa kwa mabao mawili. Miaka miwili baadaye ikawa zamu ya North Carolina wenyewe. Anson Dorrance, aliyeanza kuifundisha timu ya wanawake ya chuo hicho mwaka 1979, akaipa mataji 21 ya NCAA, na katikati ya kazi hiyo akaiongoza Marekani kutwaa Kombe la Dunia la kwanza la wanawake mwaka 1991, alistaafu Agosti 2024 ikiwa zimebaki siku chache tu msimu uanze. Aliyekabidhiwa timu kwa muda ni msaidizi wake, Damon Nahas. Desemba hiyo hiyo Nahas akashinda fainali dhidi ya Wake Forest kwa bao 1 kwa 0, na cheo chake cha muda kikawa cha kudumu. Wasichana waliokuwa wamezungumza na Nahas wakati wa usajili walijikuta wanafundishwa na mtu wanayemjua. Wale waliokwenda kwa ajili ya jina la Dorrance peke yake walipata somo jingine.

Sasa nije kwenye uzito wa ahadi, maana hapo ndipo wazazi wengi wanapojikwaa. Maneno "nafasi ipo" yana maana ya nafasi katika kikosi. Hayasemi lolote kuhusu ada. Hadi juzi timu ya wanawake ya Daraja la Kwanza iliruhusiwa ufadhili sawa na wachezaji 14 kamili, na kocha alikuwa huru kuumegamega: huyu nusu, yule robo, mwingine vitabu tu. Tangu mwaka wa masomo wa 2025 vyuo vilivyoingia katika makubaliano mapya ya mahakama kuhusu malipo ya wachezaji vimewekewa kikomo cha wachezaji 28 badala ya kikomo cha ufadhili, na chuo kinaweza kuwalipia wote kikitaka. Tatizo ni kwamba vyenye uwezo wa kutaka ni vichache. Daraja la Pili lina ufadhili sawa na wachezaji 9.9 kwa timu nzima, sehemu hiyo ya kumi ikiwa si kosa la chapa. Daraja la Tatu halitoi ufadhili wa michezo kabisa, ingawa hutoa msaada kwa misingi ya masomo na hali ya familia. Usione haya kuuliza chuo kiko daraja lipi. Wala usilibeze Daraja la Pili: Sandra Nabweteme wa Uganda alichezea Southwestern Oklahoma State, chuo cha daraja hilo katika jimbo la Oklahoma, akawa mfungaji wa kutisha kisha akaendelea na soka ya kulipwa Iceland.

Ahadi inageuka kuwa ahadi inapoandikwa katika mkataba wa msaada wa kifedha wenye kiasi, muda na saini ya chuo. Zamani kulikuwa na barua ya taifa ya kusudio ambayo kila msichana aliota kuisaini mbele ya kamera. Ilifutwa Oktoba 2024, na sasa mkataba huo wa fedha ndio unaobaki. Kocha, awe mkuu au msaidizi, hausaini kwa niaba ya chuo, anapendekeza. Vivyo hivyo hati ya I-20, ambayo bila hiyo binti yako hawezi kuomba viza ya mwanafunzi, hutolewa na ofisi ya wanafunzi wa kigeni baada ya idara ya udahili kuridhika na matokeo yake ya mitihani. Kocha anaweza kuisukuma foleni. Hawezi kuiruka.

Kabla ya hayo yote, thibitisha kwamba mtu mwenyewe yupo. Kila timu huweka orodha ya benchi lake kwenye tovuti ya michezo ya chuo, pamoja na anwani ya barua pepe ya kazini, ambayo kwa kawaida huishia kwa .edu. Mwandikie kupitia anwani hiyo hiyo uliyoikuta pale, si kupitia namba ya WhatsApp aliyoituma yeye, umwombe mazungumzo ya video ambamo kocha mkuu atakuwepo. Msaidizi wa kweli hatakasirika. Hilo ni sehemu ya kazi yake. Kocha haombi fedha. Kuna ada ya kujiandikisha katika kituo cha NCAA kinachokagua sifa za wachezaji, na kuna ada za viza, lakini hizo hulipwa kwa wahusika wenyewe, haziingii kwenye simu ya mtu. Kama binti yako amewahi kupokea posho au mshahara kwa klabu yoyote, hata timu ya mtaani iliyopata mfadhili, lisemwe mapema kwa ofisa wa chuo anayesimamia utekelezaji wa kanuni, kwa sababu suala la uridhaa, yaani kucheza bila kulipwa, likigunduliwa baadaye humzuia mchezaji asicheze.

Jambo moja zaidi la kukusaidia kupima ukweli: kanuni za Daraja la Kwanza haziruhusu makocha kuanza kumwandikia mchezaji mambo ya usajili kabla ya Juni 15 ya mwisho wa mwaka wake wa pili kati ya minne ya sekondari ya Kimarekani. Kwa umri wa binti yako hilo limepita. Lakini akija mdogo wake wa miaka 13 na ujumbe unaodai kutoka chuo kikubwa, ufute.

Ukimpata kwenye video, muulize kocha mkuu amebakiwa na muda gani katika mkataba wake, nani atakayekuwa kocha wa viungo msimu ujao, na wachezaji wangapi wa nafasi ya binti yako wanarudi. Majibu ya maswali hayo matatu yatakueleza zaidi kuliko picha za uwanja.

SWALI: Mdogo wangu anasoma na kucheza huko. Aliumia goti, kisha "trena" wao akamkatalia kucheza kwa wiki kadhaa wakati yeye mwenyewe anasema yuko sawa na kocha alikuwa anamhitaji. Huyo trena ana mamlaka gani kumzidi kocha? (Dada mkubwa, Dodoma)

JIBU: Jina limekupoteza, dada, kama lilivyowapoteza wengi. Huyo si mwalimu wa mazoezi. Ni mtaalamu wa tiba ya michezo, mwenye shahada na leseni, anayefanya kazi chini ya daktari wa timu: ndiye anayekimbia uwanjani na begi, anayefunga vifundo vya miguu kabla ya mechi na anayesimamia mazoezi ya kurudi baada ya jeraha. Katika suala la nani yuko tayari kucheza, kanuni za NCAA zinampa yeye na daktari uamuzi wa mwisho, na kocha haruhusiwi kuutengua. Utaratibu huo uliwekwa kwa sababu kocha mwenye mechi Jumapili si hakimu mzuri wa goti la mtu. Mwambie mdogo wako amsikilize, na amwulize mtaalamu huyo huyo bima inalipia nini, kwa kuwa bima ya chuo na ile ya timu si kitu kimoja.

SWALI: Shikamoo. Mimi ni mchezaji wa mwaka wa pili katika chuo cha Daraja la Kwanza, nikitokea Afrika Mashariki. Kocha mkuu aliyenileta ameondoka baada ya msimu, na msaidizi niliyekuwa namwona kama mama yangu wa huku amemfuata. Kocha mpya hajawahi kuniona nikicheza. Wenzangu watatu tayari wamejiandikisha kuhama. Nifanye nini? (Msomaji, Marekani)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Unayoyapitia ni ya kawaida kuliko unavyodhani, na hayaji kwa timu dhaifu tu. Florida State walikuwa mabingwa Desemba 2021; Machi iliyofuata Mark Krikorian, aliyewapa mataji matatu, akajiuzulu. Brian Pensky akaletwa kutoka Tennessee, na mwaka 2023 timu ikawa bingwa tena bila kupoteza mchezo hata mmoja, ikiifunga Stanford mabao 5 kwa 1 kwenye fainali. Wapo wasichana waliovumilia mabadiliko hayo wakavikwa medali na kocha ambaye hakuwasajili. Sikwambii hivyo ili ubaki. Nakwambia ili usiamue ukiwa na majonzi ya kuondokewa na yule msaidizi, ambayo nayaelewa, kwani yeye ndiye aliyekupokea uwanja wa ndege na kukuonyesha pa kununulia mchele.

Ufadhili wako umetolewa na chuo, haukutolewa na mtu. Katika kipindi kilichoandikwa kwenye mkataba wako hauwezi kupunguzwa kwa sababu ya kiwango chako cha mchezo, kuumia, au kocha kutokukupenda. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kutoa mkataba kabatini na kusoma tarehe yake ya mwisho: kama ni wa mwaka mmoja, kocha mpya ana sauti katika kuuhuisha, kama ni wa miaka yote ya masomo, una nafasi ya kupumua.

Lango la uhamisho, yaani orodha ya NCAA ya wachezaji wanaotaka kuhama, lipo, na tangu 2024 mchezaji mwenye matokeo mazuri ya darasani anaweza kuhama na kucheza mara moja, hata kama amewahi kuhama kabla; kocha mkuu anapoondoka wachezaji wake hupewa dirisha la pekee la kufanya hivyo. Tatizo ni kwamba ukishaliandika jina lako humo, chuo chako cha sasa kina ruhusa ya kuusitisha ufadhili wako mwishoni mwa muhula, na kocha mpya anaweza kuigawa nafasi yako. Wenzako wa Kimarekani wakikosa timu wanarudi kwa wazazi wao. Wewe viza yako imefungamana na kuwa mwanafunzi wa muda wote katika chuo kinachotajwa kwenye I-20 yako, na kuhama kunahitaji kumbukumbu zako zihamishwe kutoka chuo hadi chuo bila pengo. Nenda ofisi ya wanafunzi wa kigeni kabla ya kwenda kwenye lango, si baada.

Halafu omba miadi na kocha mpya. Makocha wapya karibu wote huanza kwa kumwita mchezaji mmoja mmoja, usingoje uitwe. Mwulize anakuona nafasi gani, na nani atakuwa msaidizi wa nafasi hiyo. Akikujibu kwa maneno ya jumla tu, hilo pia ni jibu. Na yule msaidizi wako wa zamani hajafa; kama timu yake mpya inakuhitaji, atakuwa wa kwanza kukuandikia ukishakuwa langoni. Kabla ya hapo kanuni zinamzuia, hivyo usimtege.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa kike na kocha pekee wa timu ya wasichana ya shule yetu. Nimetazama mechi za vyuo vya Marekani mtandaoni na kuona benchi limejaa watu wenye kompyuta mpakato. Tuige nini? Na mbona wengi wa makocha wao wakuu ni wanaume, wakati timu ni ya wanawake? Nina leseni ya CAF. Je, mtu kama mimi anaweza kuajiriwa kule? (Mwalimu, Kilifi)

JIBU: Nianze na la kutokuiga. Katika soka ya vyuo mchezaji aliyetolewa anaweza kurudi uwanjani: akitoka kipindi cha kwanza hurudi cha pili, na katika kipindi cha pili anaruhusiwa kurudi mara moja. Ndiyo maana unaona wasaidizi wanahesabu dakika kwenye kompyuta na kubadilisha wachezaji watano kwa mkupuo, na ndiyo maana timu zao zinaweza kukimbiza mpira kwa kasi ambayo wasichana wako, wanaocheza kwa sheria za FIFA, hawawezi kuihimili kwa dakika 90. Saa yao nayo huhesabu kwenda chini kutoka 45. Mbinu zilizojengwa juu ya vitu hivyo ukizileta Kilifi utawaumiza watoto bure.

La kuiga ni mipaka ya muda. Katika msimu, mchezaji wa chuo haruhusiwi kuzidisha saa 20 za shughuli za timu kwa wiki wala saa 4 kwa siku, mechi ikihesabiwa kuwa saa 3, na lazima apate siku moja kamili ya kupumzika. Nje ya msimu ni saa 8 kwa wiki. Vyuo vingine hutafuta mianya, bila shaka, lakini kanuni ipo na mtu wa kuilalamikia yupo. Sisi tuliokuwa tunawakimbiza wanafunzi alfajiri na jioni wiki zote za kuelekea mashindano ya wilaya hatukuwa na hata kalamu ya kuandika saa hizo.

Kuhusu wanawake, umegusa jambo ambalo Wamarekani wenyewe wanalibishania. Sheria ya mwaka 1972 iliyokataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu iliwafungulia wasichana viwanja na fedha. Kabla yake zaidi ya asilimia 90 ya timu za wanawake vyuoni zilifundishwa na wanawake. Mishahara ilipokuja, wanaume wakaziona kazi hizo, na leo wanawake ni chini ya nusu. Katika soka michuano ya NCAA ya wanawake ilianza 1982, na ilipita miaka 16 kabla ya mwanamke kuitwaa akiwa kocha mkuu: Becky Burleigh wa Florida mwaka 1998, kwa timu aliyoianzisha 1995 tu, akiwafunga North Carolina bao 1 kwa 0. Baada yake wakaja Amanda Cromwell wa UCLA 2013, Erica Dambach wa Penn State 2015, na Aozasa niliyemtaja juu. Orodha ni fupi. Lakini ukiangalia timu ya taifa ya Marekani utaona vyuo vilikuwa shule kwa wanawake: Jill Ellis alikuwa msaidizi katika vyuo kadhaa kabla ya kuiongoza UCLA, kisha akashinda Kombe la Dunia 2015 na 2019, na Emma Hayes, Mwingereza, alikuwa kocha wa chuo kidogo cha Iona, New York, miaka mingi kabla ya dhahabu ya Olimpiki ya 2024.

Mlango wako, mwalimu, uko hapo hapo kwenye vyuo vidogo. Vingi vina nafasi ya kocha anayesoma shahada ya uzamili: chuo kinalipa sehemu ya masomo na posho, nawe unafanya kazi za msaidizi, kuanzia kuweka koni hadi kukata video. Leseni yako ya CAF itasaidia kuonyesha kwamba unajua kazi, ila wataitazama kwanza shahada yako ya kwanza, kwa kuwa bila hiyo huwezi kudahiliwa. Nafasi za aina hiyo hutangazwa zaidi msimu ukishakwisha mwezi Desemba, makocha wanapohama, na barua yenye video ya dakika tano ya mazoezi unayoyaongoza mwenyewe husomwa kuliko ile yenye vyeti vitano.